Motokaa Ndogo: Kuunda na Kununua

Mtoto aliyekulia Afrika ya Mashariki, awe wa bara au wa pwani, amepata kuiona motokaa ya waya. Mwili wake ni waya uliokunjwa kwa mkono. Magurudumu yake ni vifuniko vya mikebe, au vipande vilivyokatwa katika kandambili kuukuu. Na usukani wake ni waya mrefu unaopanda hata kufika kifuani mwa dereva, naye huisukuma mbele yake huku akikimbia na kunguruma kwa kinywa. Haina injini wala kioo, lakini mtazamaji hakosei: hili ni lori, na lile ni basi. Aliyeiunda hakununua kitu, maana waya wenyewe mara nyingi aliuokota. Mtaji wake ulikuwa macho yaliyotazama sana, vidole vilivyojaribu tena na tena, na subira.

Katika nchi zenye viwanda vingi, tamaa iyo hiyo ya kuifanya ndogo motokaa kubwa imezaa uraibu mkubwa na biashara kubwa. Vijana kwa wazee huunda motokaa za mfano kwa vipande vya plastiki, wakazipaka rangi na kuzipanga katika makabati ya vioo. Hapo zamani vipande hivyo viliundwa nyumbani. Baadaye vilinunuliwa madukani. Leo vyaagizwa kwa mtandao na kuletwa hata mlangoni. Insha hii yaeleza jinsi safari hiyo ilivyokwenda, na yauliza swali moja: kila mara duka lilipomkaribia muundaji, mkono wake ulipata nini, na ulipoteza nini?

Kwanza yafaa tuelewe maana ya mfano. Si kila kigari cha kuchezea ni mfano. Mfano wa kweli hufuata kipimo, yaani uwiano mmoja usiobadilika kati ya kitu kidogo na kitu kikubwa, kama ule tuutumiao katika ramani. Waundaji wengi wa motokaa hutumia kipimo cha 1:24 au 1:25. Kipimo cha 1:24 hupatana na hesabu ya Kiingereza, ambayo ndani yake nusu inchi husimama mahali pa futi 1. Kwa kipimo cha 1:25, motokaa yenye urefu wa mita 4.5 huwa na urefu wa sentimita 18, na dereva mwenye kimo cha mita 1.75 hubaki na sentimita 7. Hesabu hii ni nyepesi, lakini sheria yake ni kali. Kosa la milimita 1 katika mfano ni sawa na kosa la sentimita 2.5 katika motokaa yenyewe. Mlango wa motokaa ukikaa upande kwa sentimita 2.5, hapana mnunuzi atakayekubali kuipokea. Na muundaji mwema wa mfano huiona milimita yake kwa jicho lilo hilo.

Tena, mfano si mtoto wa motokaa tu. Mara nyingi ni mzazi wake. Katika mwaka wa 1927 kampuni ya General Motors ya Marekani ilimpa Harley Earl kazi ya kuongoza idara mpya ya kubuni sura za motokaa. Earl alipenda kutumia udongo laini wa kufinyangia. Motokaa ilifinyangwa kwanza ikiwa ndogo, kisha kwa ukubwa wake kamili, ikatazamwa na kusahihishwa kabla ya bati lolote kukatwa. Udongo huo haujaachwa hata leo, ijapokuwa wabunifu wana tarakilishi. Kwa hiyo yule afikiriye kwamba kuunda mfano ni mchezo wa watoto tu, yampasa akumbuke kuwa motokaa nyingi alizozipanda zilianza kuwa vinyago mezani.

Kampuni iyo hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa vijana. Katika mwaka wa 1930 tawi lake la Fisher Body, lililotengeneza miili ya motokaa, lilianzisha chama cha mafundi vijana kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Kila mvulana aliyeingia katika mashindano alipewa ramani ya gari la kifalme la kukokotwa na farasi, lenye mtindo wa enzi ya Napoleon, ambalo sanamu yake ndiyo iliyokuwa alama ya kampuni. Hakupewa vipande, alipewa ramani. Mbao alizichonga mwenyewe, vyuma vidogo alivifua mwenyewe, mapazia na viti vya ndani alivishona mwenyewe. Kazi hiyo ilikula mamia ya saa. Zawadi kubwa za mwanzo zilikuwa gharama za masomo ya chuo kikuu, dola 5,000 kwa kila mmoja wa washindi wanne. Nazo zilikuwa fedha nyingi sana katika miaka ile ya dhiki, wakati baba wengi wa Marekani walipokuwa hawana kazi.

Baadaye vijana waliruhusiwa kubuni motokaa za namna yao wenyewe kwa kipimo cha 1:12, na mashindano yaliendelea mpaka mwaka wa 1968. Mmoja wa washindi alikuwa Charles Jordan, aliyeshinda katika mwaka wa 1947. Alipomaliza masomo yake aliajiriwa na General Motors, na katika mwaka wa 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni, mwenye kusimamia ubunifu wote wa motokaa zake. Kampuni ilikuwa imetafuta mafundi kwa kuwapa vijana kazi ngumu, na ilimpata mmoja aliyefika kileleni. Mchumia juani hulia kivulini.

Walakini si kila kijana ana saa mamia za kuchonga, wala si kila mmoja ana vifaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo mawili yalitukia, moja Marekani na jingine Uingereza, yakaugeuza uraibu huu.

La Marekani lilianza katika maduka ya kuuzia motokaa. Katika mwaka wa 1948 kampuni ya AMT ilianza kuunda motokaa ndogo za Ford, kwanza kwa alumini, ndiyo maana ya herufi ya kwanza ya jina lake, kisha kwa plastiki. Mifano hii haikukusudiwa waundaji. Wauzaji wa motokaa waliitumia kuwaonyesha wateja sura na rangi za motokaa mpya za mwaka, na mteja aliyekuja na mtoto wake huenda mtoto akaondoka na kimoja mkononi. La Uingereza lilianza na trekta. Kampuni ya Airfix ilikuwa imeanzishwa katika mwaka wa 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, nayo ilitengeneza vitu vya kuchezea vya mpira na baadaye vitana vya plastiki. Karibu na mwaka wa 1949 iliombwa kuunda mfano wa trekta ya Ferguson ili mawakala wautumie kuuza trekta zenyewe. Kuunganisha vipande kiwandani kuliongeza gharama. Basi ikaamuliwa vipande viuzwe vikiwa vimetengana katika maduka ya Woolworth, na mnunuzi aviunganishe mwenyewe. Hivyo kazi ambayo mwenye kiwanda aliiona kuwa ni hasara, mnunuzi aliipokea kuwa ni furaha, na tena akailipia.

Kutoka hapo njia ilikuwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Revell ya California iliuza vipande vya motokaa za zamani kwa kipimo cha 1:32. Katika mwaka wa 1958 AMT ilitoa masanduku ya kipimo cha 1:25 ambayo kila moja liliweza kuunda motokaa ya namna tatu: kama ilivyotoka kiwandani, au iliyopambwa kwa kupenda kwa mwenyewe, au ya mashindano. Bei yake haikufika dola 2. Mvulana aliyefanya vibarua vya kukata majani aliweza kununua moja kila mwezi.

Vipande hivyo hutengenezwa kwa plastiki iliyoyeyushwa na kushindiliwa kwa nguvu katika kalibu ya chuma. Ikipoa, hutoka ikiwa kama tawi lenye majani, kila jani ni kipande, na muundaji huvikata kimoja kimoja. Gundi yake si kama gundi ya karatasi: huilainisha plastiki yenyewe, na sehemu mbili zikishikana huwa kitu kimoja. Kuchonga kalibu ni ghali mno, kwa hiyo mwenye kiwanda hana budi kuuza masanduku maelfu kwa maelfu kabla ya kuiona faida. Hapa ndipo ilipo tofauti na mvulana wa mwaka wa 1930. Yule alipewa ramani akatafuta vipande. Huyu alipewa vipande, na karatasi ya maelezo ikamwambia kipi kitangulie kipi. Alipoteza kazi ya kuchonga, lakini alibakiwa na kazi ya kusafisha kwa msasa, kulinganisha, kupaka rangi na kungoja ikauke. Na kungoja ndiko kunakowashinda wengi.

Katika nchi ya Japani sanaa hii ilipata walezi wengine. Mji wa Shizuoka ulikuwa na sifa ya useremala tangu zamani, na huko ndiko Yoshio Tamiya alikokuwa na biashara ya mbao aliyoianzisha mwaka wa 1946. Upesi aliongeza mifano ya mbao, na katika mwaka wa 1953 aliacha kuuza mbao za kujengea ili ashike mifano peke yake. Mifano ya plastiki kutoka ng'ambo ilipoingia Japani, ile ya mbao ilikosa wanunuzi, na katika mwaka wa 1960 Tamiya nayo ilitoa mfano wake wa kwanza wa plastiki, manowari Yamato. Motokaa ya mashindano ya Honda ilifuata katika mwaka wa 1967, kwa kipimo cha 1:12. Mwanawe, Shunsaku Tamiya, alijulikana kwa kutotosheka na picha. Katika miaka ya 1970 alipotaka kutengeneza mfano wa Porsche, alinunua motokaa ya Porsche 911 akaifungua kipande kwa kipande ili aone kila kitu kinakaaje. Tazama jinsi jambo hili linavyofanana na kijana wetu wa motokaa ya waya. Mmoja ana mali nyingi na mwingine hana kitu, lakini wote wawili wanajua kwamba mkono hauwezi kuunda kile ambacho jicho halijakielewa.

Kila jua lina machweo yake. Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, na plastiki hutokana na mafuta. Kisha michezo ya video ikaja kuwapokonya vijana saa zao za jioni. Airfix ilifilisika katika mwaka wa 1981, jina lake likapita katika mikono kadha mpaka likanunuliwa na Hornby katika mwaka wa 2006. Maduka ya Woolworth ya Uingereza, yaliyouza trekta ile ya kwanza, yalielemewa na madeni yakafungwa yote ilipofika Januari ya mwaka wa 2009. Vijana walipopungua, waliobaki katika uraibu walikuwa hasa watu wazima waliokumbuka utoto wao, nao walikuwa wametawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, mbali na duka lolote la kuwafaa.

Hapo ndipo biashara ya mtandao ilipoingia. Kununua bila kukiona kitu si jambo geni. Katika mwaka wa 1872 Montgomery Ward wa Chicago alianza kuwauzia wakulima bidhaa kwa orodha iliyopelekwa kwa posta, na mwishoni mwa karne ya 19 Bassett-Lowke wa Northampton, Uingereza, aliuza mifano ya magari ya moshi kwa njia iyo hiyo. Mtandao uliiongezea njia hii mambo mawili: upesi, na mnada. Katika mwaka wa 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa mtandao ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kifaa cha leza kilichoharibika, nacho kilipata dola 14.83, kwa sababu alitokea mtu aliyekusanya vifaa vya namna hiyo vilivyoharibika. Kisa hiki kidogo chaonyesha nguvu ya mtandao yote. Kitu kisicho na mnunuzi hata mmoja katika mji mzima chaweza kumpata mnunuzi wake ulimwenguni. Sanduku la AMT lililosahauliwa darini kwa miaka 40 likapata njia ya kumfikia mtu aliyekuwa akilitafuta kwa muda uo huo.

Faida zake ni dhahiri. Mtu wa Kitale au Kisumu asiyekuwa na duka la mifano karibu naye aweza leo kutazama rafu ile ile anayoitazama mtu wa London au Tokyo. Fundi mdogo atengenezaye matairi, taa au viti vya kipimo cha 1:24 katika chumba cha nyumba yake aweza kuishi kwa wateja mia walio katika nchi ishirini. Na hapa Kenya, ambako M-Pesa ilianza katika mwaka wa 2007, mtu asiye na hesabu ya benki amezoea kumlipa kwa simu mwuzaji ambaye hajapata kumwona.

Lakini kila chenye faida kina gharama yake, na mnunuzi mwenye busara huihesabu kabla ya kulipa. Nauli ya kifurushi na ushuru wa forodha huweza kuipita bei ya kitu chenyewe. Rangi nyingi za mifano zina vimiminika vinavyoshika moto upesi, nazo hazipokelewi katika barua za ndege. Basi mtu huweza kuletewa motokaa kutoka Japani akaikosa rangi ya kuipaka. Picha huonyesha sanduku na haionyeshi kipande kilichopotea ndani yake. Tena mwuza duka wa zamani alikuwa mwalimu pia: alimwambia kijana gundi ipi ni kali, brashi ipi hutoa nywele, na sanduku lipi lamzidi nguvu kwa sasa. Mashine ya mnada haimwambii mtu kwamba jambo limemzidi nguvu. Humwambia tu kwamba saa za kununua zinakwisha.

Liko jambo jingine, nalo ni kubwa zaidi. Katika soko la masanduku ya zamani, sanduku ambalo halijafunguliwa kwa kawaida huuzwa ghali kuliko motokaa iliyokwisha kuundwa kwa vipande vyake. Mkono ukiligusa, thamani yake hushuka. Basi wako watu wenye masanduku mamia katika makabati yao, wanaoongeza mapya kila mwezi, na hawajui lini watayafungua. Si wezi wala wajinga. Wengi wao ni watu wema waliochoka na kazi za mchana, na kununua ni kwepesi kuliko kuunda. Kuunda huomba jioni nyingi, na kununua huomba kidole kimoja. Kila sanduku linaloletwa mlangoni huja na ahadi ya furaha, na ahadi hiyo huwa tamu hata mtu akasahau kuitimiza. Mvulana wa mwaka wa 1930 aliyekuwa na ramani na kipande cha mti angestaajabu kusikia kwamba utafika wakati ambapo kazi isiyofanywa itathaminiwa kuliko kazi iliyofanywa.

Je, tuulaumu mtandao? Hasha. Kisu hakilaumiwi kwa mkono uliokishika. Mtandao huo huo siku hizi humwezesha kijana kupata michoro ya vipande na kuvichapa kwa mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka, sanaa iliyoanzishwa na Chuck Hull wa Marekani katika miaka ya 1980. Ajuaye kuchora kwa tarakilishi aweza kubuni motokaa ambayo hapana kiwanda kitakachoithubutia kalibu: matatu ya mtaa wake, kwa mfano, pamoja na mapambo yake yote. Huyo amerudi alipokuwa mvulana wa mwaka wa 1930. Hakungoja vipande, ana ramani, tena ramani yake mwenyewe.

Basi historia hii fupi yatupa jibu la swali tuliloanza nalo. Kila mara duka lilipomkaribia muundaji, mkono wake ulipata wepesi. Vipande, rangi, michoro na mashine zote zaweza kununuliwa, na si aibu kuzinunua. Lakini jicho lililoiona milimita 1 halikuuzwa na AMT, wala Tamiya, wala mnada wowote. Lilipatikana kwa kukosea, kung'oa, kusugua na kuanza tena. Charles Jordan hakupewa cheo kwa sababu alikuwa na motokaa nyingi kabatini. Alianza kujulikana kwa moja aliyoiunda.

Kwa hiyo, ewe msomaji kijana, kama siku moja utaupenda uraibu huu, jiwekee sheria ndogo: usinunue sanduku la pili kabla ya kulimaliza la kwanza, hata kama la kwanza litatoka likiwa na rangi iliyochuruzika na gurudumu lililopinda. Na kama huna fedha za kununua hata moja, usijione kuwa uko nje ya historia hii. Tafuta waya, ukae kando ya barabara, uitazame motokaa inayopita mpaka ujue kila pembe yake. Hapo utakuwa umeanza kazi ile ile aliyoianza Shunsaku Tamiya alipoifungua Porsche yake, nawe hutakuwa umetumia hata senti moja.